Kompyuta uliyojiundia ikikataa kuwaka, usikimbilie dukani

"MJOMBA, imezima tena!"

Sauti hiyo ya mpwa wangu ilitoka chumba cha juu cha nyumba ya dadangu katika Mji wa Kale, Mombasa, hatua chache kutoka barabara ya Ndia Kuu. Ulikuwa usiku wa Ramadhani, Aprili 2022. Watu walikuwa wametoka tarawehe, mvua ilikuwa ikinyesha vichochoroni, na kijana alikuwa amepiga magoti mbele ya kasha la chuma lililofunuliwa ubavu. Alibonyeza kitufe. Feni ikapiga robo mzunguko, taa ndogo ikamweka, kisha kimya. Akabonyeza tena. Kimya kile kile.

Mamake alikuwa amesimama mlangoni, birika la kahawa mkononi, wala hakusema neno. Sababu ya kunyamaza kwake niliijua. Zile Sh31,000 zilizonunua vifaa vilivyotandazwa sakafuni zilikuwa zamu yake ya chama, pamoja na akiba ya mahamri anayokaanga na kuuza mwaka mzima. Mwanawe alikuwa amepata nafasi ya kusomea uchoraji wa ramani za majengo, na masomo yalikuwa yaanze baada ya Idi. Kompyuta mpya iliyo tayari, yenye nguvu ya kuifanya kazi hiyo, ingewagharimu zaidi ya maradufu. Basi wakapatana kwamba kijana atanunua kipande kimoja kimoja, vingine vipya na vingine vya mtumba, aiunde kwa mikono yake.

Jioni hiyo hiyo fundi mmoja alikuwa ameitwa kuitazama. Hakufungua hata skrubu moja. "Mazabodi imekufa," alisema, akimaanisha ile bodi kuu inayobeba vifaa vingine vyote. Akajitolea kuichukua kwa Sh1,000 na kuwaletea nyingine kwa Sh9,000.

"Haya, mjomba," kijana akaniuliza, "tumpe?"

Msomaji mpendwa, nakueleza kisa hiki kwa kuwa najua hakikuwapata hao peke yao. Siku hizi vijana wengi wa miji yetu hujiundia kompyuta, na wengi wao, siku ya kwanza wanapobonyeza kitufe, hupokewa na kimya. Jambo wasiloambiwa ni kwamba kompyuta mpya isiyowaka si lazima iwe maiti. Aghalabu kosa huwa katika ufungaji, wala si katika kifaa chenyewe. Na dawa ya kwanza si kununua kitu na kuongeza, bali ni kupunguza.

Ugonjwa wa tangu zamani

Maradhi haya ni makongwe sawa na kompyuta za nyumbani zenyewe. Mnamo Januari 1975 jarida la Marekani liitwalo Popular Electronics lilitoka na picha ya Altair 8800 kwenye jalada lake. Kompyuta hiyo iliuzwa kama furushi la vipande, mnunuzi akaviunge mwenyewe nyumbani kwa kulehemu. Haikuwa na skrini wala kibodi. Ilikuwa na swichi na taa tu. Mwaka uliofuata, 1976, Steve Wozniak na Steve Jobs walianza kuuza Apple I kwa dola 666.66. Kwa bei hiyo mtu alipata bodi tupu. Kasha, kibodi na kifaa cha kuipatia umeme alijitafutia mwenyewe.

Agosti 1981 kampuni ya IBM ilileta PC yake, ambayo kila ilipowashwa ilijipima yenyewe kwanza kabla ya kuanza kazi. Ikijiona ni nzima, ililia mara moja, mlio mfupi. Milio mingine ilikuwa ishara ya hitilafu. Desturi hiyo ya kujipima ingali hai hata katika kompyuta za leo, na ndiyo itakayokusaidia ukiwa umekwama.

Tofauti ni kwamba leo hakuna kulehemu. Kila kifaa huchomekwa mahali pake, na tundu nyingi zimetengenezwa zisikubali kitu kisicho chake. Ndiyo maana mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kuunda kompyuta alasiri moja. Hata hivyo, urahisi huo huo humfanya aamini kwamba kilichoingia kimeingia sawasawa.

Anzia ukutani

Kabla hujagusa mazabodi, hakikisha stima inafika. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi hiyo hiyo uone kama inafanya kazi. Tazama swichi ya ukutani. Tazama fyuzi iliyo ndani ya plagi. Kisha geuza kasha utazame nyuma yake, kwenye pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachopokea stima na kuigawa. Zina nyingi huwa na swichi yenye alama mbili, mstari na duara. Mstari ndio kuwaka. Utashangaa ni wangapi waliohangaika usiku kucha na swichi hii iko kwenye duara.

Baadhi ya pawa saplai za zamani huwa pia na swichi nyekundu yenye nambari 115 na 230. Hii si ya kuchezea. Stima ya Kenya ni volti 240, kwa hiyo ni lazima swichi hiyo isome 230. Ukinunua pawa saplai ya mtumba iliyotoka nchi kama Marekani, ambako stima ya nyumbani ni takriban volti 120, huenda ukaikuta kwenye 115. Ukiiwasha hivyo inaweza kuungua papo hapo.

Katika nyumba za zamani kama zile za Mji wa Kale kuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni waya wa ardhi. Pengine waya huo ulikatika miaka mingi iliyopita, au haukuvutwa kabisa. Dalili yake ni hii: ukipitisha kidole polepole kwenye chuma cha kasha wakati kompyuta imechomekwa, unahisi mwasho au mtetemo mdogo. Ukihisi hivyo, ng'oa plagi na usiendelee. Mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, aukague. Kompyuta inaweza kungoja. Maisha ya mtoto hayana mtumba.

Na jambo moja usilifanye kamwe: usiifungue pawa saplai yenyewe. Hata ikiwa imeng'olewa ukutani, ndani yake mna vifaa vinavyobaki na umeme wa kumdhuru mtu.

Itazame inavyozima

Daktari huuliza, "Wapi panauma?" Nawe iulize kompyuta yako vivyo hivyo. Namna inavyokataa ndiyo inayokuonyesha pa kutafuta.

Ikiwa hakuna feni wala taa, kosa huwa katika njia ya stima au katika kitufe. Waya za kitufe cha kasha ni nyembamba na huenda kwenye vipini viwili vidogo pembeni mwa mazabodi. Ukizikosea kwa safu moja tu, utabonyeza hadi kidole kiote sugu. Kijitabu cha mazabodi huonyesha vipini hivyo ni vipi. Kama hukupewa kijitabu, kitafute kwa simu kwa jina na nambari iliyoandikwa juu ya bodi yenyewe.

Ikiwa inashtuka mara moja kisha inazima, kama ilivyokuwa ya mpwa wangu, shuku shoti: mahali fulani chuma kimegusa pasipostahili. Pawa saplai nzuri ikihisi shoti hukata umeme ili kujikinga na kukikinga kilichounganishwa nayo.

Ikiwa feni zote zinazunguka lakini skrini ni nyeusi, stima inafika. Kinachokosekana ni kimoja kati ya prosesa, memori na picha.

Na ikiwa skrini imewaka na kukuandikia kwamba haikuona diski ya kuanzia, usilie. Mashine yako ni nzima! Inachokuambia ni kwamba hujaiwekea programu ya kuiendesha, au hukuchomeka diski vizuri.

Punguza mpaka ipumue

Tulipomaliza kunywa kahawa nilimwambia kijana, "Mpe mamako koti la mvua la huyo fundi, alihifadhi mpaka kesho. Sisi tunaanza upya."

Tuling'oa plagi ukutani, tukabonyeza kitufe kwa sekunde chache ili kumaliza umeme uliosalia, tukagusa chuma cha kasha kutoa umeme wa mwilini. Kisha tukaitoa mazabodi nje ya kasha na kuilaza juu ya boksi la karatasi ngumu lililokuja nayo. Boksi halipitishi umeme. Tukaacha vitu vichache kadiri iwezekanavyo: prosesa na feni yake, kipande kimoja cha memori, pawa saplai na skrini. Diski tukaiweka kando, waya za mbele za kasha kando, kipande cha pili cha memori kando.

Kwa kuwa kitufe kilikuwa kimebaki kwenye kasha, nilichukua bisibisi na kuigusisha ncha yake kwenye vile vipini viwili vya kuwashia, kufumba na kufumbua. Umeme wa vipini hivyo ni mdogo sana na haumdhuru mtu, almuradi una hakika ni vyenyewe.

Feni ikazunguka, na haikusimama. Kijana akashika pumzi. Baada ya muda mfupi skrini ikaandika jina la mtengenezaji wa mazabodi, kisha aina ya prosesa na kiasi cha memori.

"Mama!" akaita. "Mama, njoo uione!"

Ile bodi iliyotangazwa kuwa imekufa ilikuwa hai. Ikiwa ni nzima juu ya boksi lakini inazima ndani ya kasha, basi ugonjwa umo ndani ya kasha. Tukaliinamia kwa tochi ya simu.

Mazabodi hailali moja kwa moja juu ya chuma. Huinuliwa na nguzo ndogo za shaba, na kila nguzo huwa chini ya tundu la skrubu. Kasha hili la mtumba lilikuwa limewahi kubeba bodi kubwa zaidi, na mwenyewe wa kwanza aliziacha nguzo zake zote. Bodi ya kijana ilikuwa ndogo. Tukahesabu matundu ya bodi, tukahesabu nguzo. Nguzo zilizidi kwa moja! Iliyozidi ilikuwa imesimama chini ya bodi pasipo na tundu, ikigusa vilehemu vya mgongoni. Kila alipobonyeza kitufe, shoti ilitokea hapo na pawa saplai ikajikinga kwa kuzima.

Tuliing'oa kwa koleo. Gharama yake ilikuwa bure.

Hiyo ndiyo kanuni ninayotaka uibebe, msomaji. Bakiza vichache mpaka mashine iwake, kisha rudisha kimoja, uiwashe. Rudisha kingine, uiwashe. Kile kitakachoizima ndicho chenye kesi. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mara moja, hata ikipona hutajua ilikuwa ikiumwa nini. Na kila unaporudisha au kutoa kitu, plagi iwe nje.

Skrini ikibaki nyeusi

Kwa wale ambao feni zao zinazunguka na skrini haionyeshi kitu, haya hapa ndiyo ya kukagua, kwa mpangilio huu.

Kwanza, waya wa stima ya prosesa. Mbali na ule waya mpana wenye matundu 24, mazabodi huhitaji waya mwingine wa matundu manne au manane karibu na prosesa. Wanaounda kwa mara ya kwanza huusahau mno, kwa sababu feni huzunguka hata bila huo.

Pili, memori. Kipande cha memori huhitaji msukumo wa nguvu kuliko unavyodhani, mpaka kisikike "ta!" na vishikizo vijifunge. Kama una kimoja na bodi yako ina nafasi nne, mara nyingi nafasi inayopendekezwa ni ya pili kutoka kwa prosesa, kijitabu kitathibitisha. Memori ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, kwani mapengo yake hayalingani, kwa hiyo ikigoma usiilazimishe.

Tatu, waya wa skrini. Ikiwa umeweka kadi ya picha, waya uchomekwe kwenye kadi hiyo, wala si kwenye mazabodi. Na ikiwa huna kadi, hakikisha prosesa yako ina uwezo wa kutoa picha. Prosesa za Intel ambazo nambari yake huishia kwa herufi F hazina uwezo huo. Ukiwa nayo bila kadi, utaitazama skrini nyeusi hadi Idi ya pili.

Nne, betri ndogo ya duara iliyo juu ya bodi, ya volti tatu, iitwayo CR2032. Hiyo ndiyo inayohifadhi mipangilio na saa. Bodi ya mtumba inaweza kuwa na mipangilio ya bwana wake wa zamani isiyopatana na vifaa vyako. Ng'oa plagi, itoe betri kwa dakika chache, irudishe. Bodi itaanza kwa mipangilio ya kiwandani.

Tano, prosesa yenyewe. Huenda bodi ni ya zamani kuliko prosesa na programu yake ya ndani haiitambui. Mtengenezaji hutoa orodha ya prosesa zinazokubalika. Ukiitoa, tazama vipini kwa makini. Kipini kimoja kilichopinda chatosha kuizuia. Na kabla ya kurudisha feni, angalia kama ile karatasi ya plastiki iliyobandikwa chini yake umeibandua. Ikibaki, kompyuta itawaka kisha izime kwa joto.

Mwisho, subira. Mazabodi mpya zinazotumia memori ya DDR5 huweza kuchukua dakika kadhaa mara ya kwanza, skrini ikiwa nyeusi, zikiipima memori. Wengi huzizima katikati wakidhani zimekwama. Bodi nyingi siku hizi zina taa ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa inayobaki ikiwaka ndiyo inayokuonyesha mahali palipokwama. Kama bodi yako haina taa hizo, huenda ina mahali pa kuchomeka spika ndogo. Hesabu milio yake, kisha tazama maana kwenye kijitabu, maana kila mtengenezaji ana lugha yake.

Hewa ya pwani

Sisi wa kisiwani tuna adui mmoja ambaye wenzetu wa bara hawamjui sana, naye ni hewa yenye chumvi na unyevu. Unyevu huo hupunguza ule umeme wa mwilini unaoharibu vifaa, na hiyo ni neema. Lakini chumvi hula shaba na chuma, na huacha utando kwenye meno ya memori na kadi. Kifaa cha mtumba kilichokaa rafuni miezi mingi kinaweza kukataa kwa sababu hiyo tu. Sugua meno hayo kwa ufutio safi wa penseli, taratibu, upanguse vumbi lake, kisha ukichomeke tena. Na kasha usiliweke dirishani panapopiga upepo wa bahari, hata kama ndipo penye baridi.

Stima nayo ikipotea, zima swichi ya ukutani, ungoje itulie baada ya kurudi. Ule mruko wa kurudi kwake ndio unaoua vifaa vingi kuliko kupotea kwenyewe.

Wakati wa daku

Mpwa wangu aliirudisha bodi kasheni, kipande baada ya kipande, akiiwasha kila hatua. Ilipokataa tena mara moja alitabasamu badala ya kuhamaki, kwa sababu alijua ni kitu gani alichokuwa amekiongeza muda huo: waya wa diski alikuwa ameuchomeka nusu. Kisha tukaanza kuiwekea programu ya kuiendesha kwa flashi. Ilipomaliza, dadangu alikuwa tayari anatuita tule daku.

Fundi aliporudi siku ya pili kuichukua bodi yake ya Sh1,000, alikaribishwa kahawa, akaonyeshwa skrini, akaenda zake.

Ile nguzo ya shaba, ambayo haifiki hata nusu ya kidole gumba, dadangu hakuitupa. Aliiokota sakafuni, akaigeuzageuza kiganjani, akauliza, "Yaani kwa hiki nilikuwa nitoe elfu nane zangu?" Kisha akaitia ndani ya kopo la pesa za mahamri. Imo humo hadi leo.